Tembe ya Jirani Si Yako: Kutumia Tembe za Kupanga Uzazi kwa Usalama



Majirani huazimana vitu vingi. Huazimana chumvi, majani chai, jembe, hata nauli ya bodaboda. Huo ni ujirani mwema na hakuna wa kuulaumu. Lakini kuna kitu kimoja kilichoingia katika orodha hiyo bila kustahili, nacho ni tembe za kupanga uzazi. Mama ameishiwa, zahanati iko mbali, mvua inanyesha, na jirani ana pakiti nzima kabatini. "Nipe hizo zako, nitakurudishia." Anapewa, anameza, na siku inapita.

Mara nyingi hakuna baya linaloonekana, na ndiyo sababu desturi hii inaendelea. Lakini kati ya wanawake wanaoazimana hivyo, mmoja ana presha asiyoijua. Mwingine ananyonyesha mtoto wa wiki nne. Mwingine yuko kwenye dawa za kifua kikuu. Kwa jirani tembe ile ni salama kabisa, kwa sababu jirani aliulizwa maswali na kupimwa kabla ya kupewa. Yeye aliyeazima hakuulizwa wala hakupimwa.

Hilo ndilo jambo kuu la mazungumzo haya. Tembe za kupanga uzazi ni salama kwa wanawake wengi sana. Kinachozifanya salama ni maswali machache yanayoulizwa kabla ya tembe ya kwanza, na uaminifu wa kuzimeza kila siku baada ya hapo.

Haki ya kila mkazi

Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi mwaka wa 1967, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Kwa hivyo jambo hili si geni, wala halikuletwa juzi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 ya wanawake walio katika ndoa wanatumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi. Wengi hutumia sindano au kijiti cha mkononi. Tembe huja baada ya hizo.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inataja wazi huduma za afya ya uzazi. Mwanamke anayeingia zahanati kuuliza habari za tembe hafanyi jambo la kuonewa aibu, wala hana haja ya kunong'ona. Anadai haki yake.

Tembe ziko za aina mbili

Wengi husema "tembe" kana kwamba zote ni moja. Ziko aina mbili za kila siku, na tofauti kati yao ndiyo inayofanya kuazimana kuwa hatari.

Aina ya kwanza ina homoni mbili, estrojeni na projestini. Pakiti yake ya kawaida ina tembe 28. Tembe 21 zina homoni, na 7 za mwisho hazina. Hizo 7 huwa na rangi tofauti, na mara nyingi zina madini ya chuma ya kuongeza damu. Hedhi huja mwanamke anapomeza hizo 7.

Aina ya pili ina homoni moja tu, projestini, na kila tembe ndani ya pakiti ina homoni hiyo. Hakuna siku za mapumziko. Pakiti moja ikiisha, nyingine inaanza kesho yake. Aina hii ndiyo inayomfaa zaidi mama anayenyonyesha, kwa sababu haipunguzi maziwa.

Tembe zenye homoni mbili huzuia yai lisitoke. Zenye homoni moja hufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito ili mbegu za kiume zisipite, na kwa baadhi ya wanawake huzuia yai pia. Tembe hazitoi mimba iliyokwisha kuingia.

Je, zinafanya kazi kwa kiasi gani? Kati ya wanawake 100 wanaotumia tembe za homoni mbili kwa mwaka mmoja bila kukosea hata siku moja, hapati mimba hata mmoja kamili, maana ni kama 3 kati ya 1,000. Lakini watu ni watu, husahau na kuchelewa. Kwa matumizi ya kawaida yenye kusahau kwake, wanawake kama 7 kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka. Tofauti kati ya hao wachache na hao saba inatokana zaidi na saa na mazoea ya anayemeza kuliko dawa yenyewe.

Maswali ya kabla ya tembe ya kwanza

Muuguzi anapomuuliza mwanamke maswali mengi, hafanyi hivyo kwa udaku. Kila swali lina sababu yake, na kila mwanamke anastahili kuyajua ili ajibu kwa ukweli.

Swali la kwanza ni presha. Estrojeni inaweza kupandisha presha na kuongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Mwanamke ambaye presha yake ni 140 juu au 90 chini, au zaidi ya hapo, hapaswi kuanza tembe za homoni mbili. Tatizo ni kwamba presha haina sauti. Mtu anaweza kulima, kuteka maji na kucheka na wenzake huku presha iko juu. Dawa yake ni kupima tu, jambo la dakika chache. Siku hizi hata safari si lazima. Tangu mwaka wa 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa, na mashine ya kupima presha ni mojawapo. Anayepita nyumba kwa nyumba aombwe apime.

Swali la pili ni umri na sigara. Mwanamke wa miaka 35 au zaidi anayevuta sigara asitumie tembe za homoni mbili. Umri huo na moshi huo vikikutana na estrojeni, hatari ya kiharusi na ya ugonjwa wa moyo huongezeka.

Swali la tatu ni mtoto. Mama anayenyonyesha asitumie tembe za homoni mbili kabla mtoto hajatimiza miezi sita. Anaweza kutumia zile za homoni moja. Mama asiyenyonyesha naye asubiri angalau wiki tatu baada ya kujifungua kabla ya kuanza za homoni mbili, kwa kuwa siku hizo damu huganda kwa urahisi zaidi, na asubiri zaidi ikiwa mhudumu ataona kuna hatari nyingine.

Swali la nne ni kichwa. Kuumwa na kichwa kwa kawaida si kizuizi. Lakini yuko mwanamke anayepata kipandauso, na kabla ya maumivu kuanza huona mwanga unaometameta, au mistari ya kupindapinda, au upande mmoja wa uso au mkono hufa ganzi. Huyo asitumie estrojeni kabisa, hata akiwa kijana, kwa sababu hatari yake ya kiharusi iko juu.

Swali la tano ni magonjwa ya nyuma. Aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya matiti, ugonjwa mkali wa ini, au kisukari cha miaka mingi au kilichoharibu macho, figo au neva, aseme. Anayetarajia upasuaji mkubwa utakaomlaza kitandani kwa muda naye amwambie daktari kwamba anatumia tembe.

Swali la sita ni dawa nyingine. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya tembe. Ndivyo zilivyo pia baadhi ya dawa za kifafa, kama karbamazepini, fenitoini na fenobabito. Kati ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, efavirenzi inaweza kupunguza nguvu ya tembe, lakini dolutegraviri haina shida hiyo. Mwanamke aliye kwenye dawa hizi hakosi njia ya kupanga uzazi. Ziko njia nyingine, kama koili, ambazo dawa hizo haziziingilii. Dawa za kawaida kama amoksisilini, na dawa za malaria, hazipunguzi nguvu ya tembe.

Anayejibu "ndiyo" kwa mojawapo ya maswali haya harudishwi nyumbani mikono mitupu. Anaelekezwa kwenye njia inayomfaa. Na anayeficha jibu kwa kuogopa kunyimwa tembe humdanganya nani? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuanza na kuendelea

Mwanamke akianza tembe ndani ya siku tano tangu hedhi ilipoanza, analindwa mara moja. Anaweza pia kuanza siku nyingine yoyote, mradi kuna uhakika kwamba hana mimba. Lakini akianza nje ya siku hizo tano, atumie kondomu kwa siku 7 za kwanza ikiwa ni tembe za homoni mbili, au siku 2 za kwanza ikiwa ni za homoni moja.

Baada ya hapo ni tembe moja kila siku, saa ile ile, mume awepo au asiwepo. Wako wanaomeza siku ambazo mume amerudi kutoka kazini mjini pekee, kisha wanaacha akiondoka. Tembe hazifanyi kazi hivyo. Mwili unahitaji homoni hiyo kila siku ili yai libaki limetulia.

Saa nzuri ni ile inayofungamana na jambo lisilosahaulika, kama chai ya asubuhi, taarifa ya habari ya usiku, au kupiga mswaki. Wengine huweka kengele ya simu. Pakiti iwekwe mahali pakavu na penye baridi kiasi, mbali na watoto, wala isiachwe juu ya kabati linalopigwa na jua. Tarehe ya mwisho ya matumizi isomwe kabla ya kuanza pakiti mpya.

Kwa sera ya serikali, tembe hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Ni kweli pia kwamba kuna siku kituo huishiwa. Kwa hiyo mwanamke asingoje tembe ya mwisho. Aende wiki moja kabla pakiti haijaisha, na akiona ana safari ndefu aombe pakiti zaidi. Akikosa kabisa, atumie kondomu hadi atakapopata. Hilo ni salama kuliko kubisha hodi kwa jirani.

Siku tembe inaposahaulika

Hapa ndipo mimba nyingi zisizopangwa huanzia. Mwanamke akisahau huingiwa na hofu, huamua "basi, mwezi huu umeharibika," akaacha zote. Hakuna haja. Maelezo haya yakatwe na kuwekwa pamoja na pakiti.

Kwa tembe za homoni mbili:

Aliyesahau tembe moja au mbili zenye homoni ameze moja mara anapokumbuka, kisha aendelee kama kawaida. Anaweza kujikuta amemeza mbili siku moja, na hilo halina madhara. Hahitaji kinga nyingine.

Aliyesahau tatu au zaidi katika wiki ya kwanza au ya pili ameze moja mara moja, aendelee na pakiti, na atumie kondomu kwa siku 7. Ikiwa amekutana na mwanamume ndani ya siku tano zilizopita, amwone mhudumu kuhusu tembe za dharura.

Aliyesahau tatu au zaidi katika wiki ya tatu ameze moja mara moja na amalize zenye homoni. Zile 7 zisizo na homoni azitupe, aanze pakiti mpya kesho yake, na atumie kondomu kwa siku 7. Hedhi inaweza isije mwezi huo, na si ajabu. Yeye pia, ikiwa amekutana na mwanamume ndani ya siku tano zilizopita, aulize kuhusu tembe za dharura.

Aliyesahau mojawapo ya zile 7 zisizo na homoni aitupe na kuendelea. Muhimu ni kuanza pakiti mpya siku yake.

Kwa tembe za homoni moja saa ni kali zaidi. Kwa zile zinazopatikana kwa wingi, aliyechelewa saa 3 au zaidi ameze mara anapokumbuka, aendelee kama kawaida, na atumie kondomu kwa siku 2. Mama anayemnyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, tena maziwa ya mama pekee, na ambaye hedhi haijarudi, ana ulinzi wa ziada kutokana na kunyonyesha kwenyewe.

Anayetapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, ameze nyingine. Kutapika au kuhara kukizidi siku mbili, ahesabu siku hizo kama za tembe zilizosahaulika na afuate maelezo hayo hayo.

Usumbufu wa kawaida na dalili za hatari

Miezi miwili au mitatu ya mwanzo mwili hujizoeza. Matone ya damu katikati ya mwezi, kichefuchefu, matiti kuuma, kichwa kidogo, na moyo kubadilika-badilika ni mambo ya kawaida, na kwa wengi hupungua yenyewe. Anayepata kichefuchefu ajaribu kumeza baada ya chakula au wakati wa kulala. Usumbufu ukimzidi arudi kituoni abadilishiwe, asiache kimyakimya. Anayeacha kimyakimya huwa hana kinga na hana mpango, na mara nyingi hurudi kliniki akiwa na mimba.

Dalili zifuatazo si za kusubiri. Ni maumivu makali ya tumbo. Ni maumivu ya kifua au kushindwa kupumua. Ni kichwa kikali kisicho cha kawaida, au upande mmoja wa mwili kupoteza nguvu, au ulimi kuwa mzito. Ni macho kupoteza nuru au kuona vitu viwiliviwili. Ni mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa shavu la mguu. Hizi zinaweza kuwa dalili za damu iliyoganda, kiharusi au ugonjwa wa ini. Hutokea kwa wachache sana, lakini anayezipata aache tembe na aende hospitali siku hiyo hiyo. Akifika, jambo la kwanza amwambie daktari ni kwamba anatumia tembe za kupanga uzazi.

Tembe za dharura

Vijana wengi wanazijua kwa jina la P2. Tembe hizi zina projestini kwa kiwango kikubwa, nazo huzuia mimba baada ya kitendo kisichokuwa na kinga, au kondomu ikipasuka. Zimezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Zinaweza kusaidia hadi siku ya tano, lakini kila saa inayopita nguvu hupungua. Zikiwa mbili ndani ya pakiti, zote mbili zinaweza kumezwa kwa pamoja. Anayetapika ndani ya saa 2 arudie.

Tembe za dharura haziharibu kizazi wala hazitoi mimba. Lakini hazikutengenezwa kuwa njia ya kila wiki. Huzuia mimba kwa kiwango cha chini kuliko tembe za kila siku, huvuruga mzunguko wa hedhi, na hazimlindi mwanamke katika kitendo cha kesho. Anayejikuta akizinunua mara kwa mara anaambiwa na mfuko wake mwenyewe kwamba amefikia wakati wa kuchagua njia ya kudumu zaidi. Hedhi ikichelewa kwa zaidi ya wiki moja baada ya kuzimeza, apime mimba.

Tena, P2 haizuii virusi vya Ukimwi wala magonjwa mengine ya zinaa. Hakuna tembe ya kupanga uzazi inayofanya hivyo. Kondomu ndiyo inayokinga yote mawili. Aliyebakwa asikimbilie duka la dawa pekee. Aende hospitali haraka, ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia virusi, tembe za dharura na matibabu mengine. Nambari 1195 hupigwa bila malipo kwa msaada.

Tembe zisizojulikana zilikotoka

Kuna tembe zinazouzwa kwa mkono, kutoka mkobani, sokoni au kupitia simu, kwa ahadi tamu ya kumeza moja tu kwa mwezi. Zinazojulikana zaidi huitwa Sofia, na wauzaji husema ni za mitishamba. Si za mitishamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta ndani yake homoni za levonogestreli na kwinestroli kwa viwango vikubwa mno. Tembe hizo zimepigwa marufuku nchini. Mama anayenyonyesha akizimeza, homoni zinaweza kumfikia mtoto kupitia maziwa, na kumekuwa na taarifa za watoto wachanga walioanza kuonyesha dalili za kubalehe.

Kwa hiyo tembe zichukuliwe katika kituo cha afya au duka la dawa lenye leseni. Pakiti iwe imefungwa, iwe na jina la dawa, tarehe ya mwisho wa matumizi, na karatasi ya maelezo. Muuzaji asiyetaka kujibu maswali asinunuliwe.

Uvumi unaowatoa watu njiani

Inasemekana tembe hujazana tumboni. Hapana. Huyeyuka na kusagwa kama dawa nyingine yoyote, nayo homoni hutoka mwilini baada ya muda mfupi.

Inasemekana anayezitumia kabla ya kuzaa hatazaa tena. Hapana. Uwezo wa kushika mimba hurudi bila kukawia baada ya kuacha. Ndiyo maana anayesahau siku chache anaweza kushika mimba.

Inasemekana ni lazima mwili upumzishwe kila baada ya miaka kadhaa. Hapana. Mwanamke asiye na tatizo la kiafya anaweza kuendelea, mradi apimwe presha mara kwa mara. Mimba nyingi huingia katika hayo "mapumziko."

Inasemekana mtoto atazaliwa na kasoro ikiwa mama alimeza tembe bila kujua kwamba ana mimba. Hapana. Aache tu tembe na aanze kliniki ya wajawazito.

Na liko jambo jema ambalo halivumi. Tembe za homoni mbili hupunguza uwezekano wa saratani ya mfuko wa mayai na ya mji wa mimba, na hupunguza damu nyingi ya hedhi inayowaacha wanawake na upungufu wa damu.

Nafasi ya kina baba

Tembe humezwa na mmoja, lakini mimba ni ya wawili. Mume anayekumbusha saa, anayetoa nauli ya kliniki, anayekubali kutumia kondomu siku tembe zimesahaulika, amefanya kazi kubwa. Na mwanamke anayeficha pakiti chini ya unga ili isionekane ndiye anayesahau mara nyingi zaidi, kwa kuwa saa yake inategemea nani yuko nyumbani. Mazungumzo ya dakika kumi kati ya wawili yanaweza kuzuia mengi. Pale mazungumzo hayo hayawezekani kwa usalama, muuguzi anaweza kumshauri mwanamke kuhusu njia isiyohitaji kukumbukwa kila siku, na siri yake ikalindwa.

Kumrudia jirani

Turudi kwa yule mama aliyebisha hodi jioni ya mvua. Jirani mwema afanye nini? Asimfukuze, na asimpe pakiti. Amweke chini, amuulize: "Ulipimwa presha lini? Mtoto ana miezi mingapi? Unatumia dawa gani nyingine? Tembe zako ni za aina gani?" Ampe kondomu kama anazo. Asubuhi wafuatane hadi zahanati, au wampigie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao aje na mashine yake ya presha.

Jirani wa namna hiyo atakuwa ametoa kilicho bora kuliko tembe. Kuuliza si ujinga, na katika jambo hili maswali manne yaliyoulizwa kwa upole mlangoni yanaweza kuokoa maisha ya mama na kuwaepusha watoto wake na uyatima.

Milango ya vituo vya afya vya kaunti iko wazi kwa kila mwanamke, ameolewa au hajaolewa, ana watoto au hana. Asiyeelewa karatasi ya maelezo aombe isomwe tena. Aliyesahau tembe aseme. Mwenye dalili asingoje. Kila mmoja ampelekee mwenzake habari hii.